Utani na filamu za dini: Jinsi podikasti za vichekesho zinavyotengenezwa

KATIKA filamu ya Kimarekani iitwayo God's Not Dead, iliyotoka mwaka 2014, mhadhiri wa falsafa anawaamuru wanafunzi wake waandike kwenye karatasi kwamba Mungu amekufa, kisha watie saini. Mwanafunzi mmoja anakataa, na kwa sababu hiyo anatakiwa kuutetea msimamo wake mbele ya darasa zima. Mwishoni mwa filamu mhadhiri huyo anagongwa na gari usiku wa mvua, anatubu akiwa amelala barabarani, na papo hapo anakata roho.

Waumini wengi walioitazama waliona humo ushuhuda wa imani. Filamu hiyo iliyogharimu takriban dola milioni 2 za Marekani iliingiza zaidi ya dola milioni 60, ikazaa na nyingine zilizoufuata mkondo wake. Hata hivyo, wapo watazamaji waliobaki na maswali ya aina nyingine. Mbona hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekwenda kumshitaki mhadhiri kwa mkuu wa chuo? Mbona mchungaji anayehangaika na gari lisilowaka, siku baada ya siku, ndiye anayejikuta hapo hapo ajali inapotokea?

Maswali hayo ndiyo yaliyozaa aina ya vipindi ambavyo leo vina wasikilizaji wengi, hasa nchini Marekani: podikasti za vichekesho zinazojadili filamu na vipindi vya televisheni vya kidini. Ni kazi inayoonekana rahisi, kwa kuwa mtu huketi mbele ya kipaza sauti na kucheka. Ukweli ni kwamba ina kanuni zake, gharama zake na hatari zake. Kubwa kuliko zote ni swali ambalo kila mtayarishaji hulazimika kulijibu: ni wakati gani kicheko ni utani, na ni wakati gani kinageuka kuwa dhihaka?

Chombo chenyewe

Neno lililozaa podikasti lilichapishwa Februari 2004 katika gazeti la The Guardian la Uingereza, wakati mwandishi Ben Hammersley alipokuwa akitafuta jina la aina mpya ya utangazaji wa sauti kwa njia ya intaneti. Juni 2005 kampuni ya Apple iliingiza huduma hiyo katika programu yake ya iTunes, na tangu hapo ikawafikia watu wa kawaida.

Tofauti yake na redio ni kwamba podikasti haina saa wala masafa. Kipindi hurekodiwa, hupakiwa kwenye intaneti, na msikilizaji hukipakua anapotaka na kukisikiliza akiwa ndani ya basi au akiosha vyombo. Kwa kuwa hakuna ushindani wa kugombea saa za hewani, mada ambayo isingepewa hata dakika tano katika redio inaweza kujipatia hadhira yake. Watu elfu kadhaa waliotawanyika katika miji mingi, na ambao wote walikua wakitazama filamu zile zile katika ukumbi wa kanisa, wanatosha kukifanya kipindi kiishi.

Mizizi ya zamani

Desturi ya kuisemea filamu inapoendelea kuonyeshwa haikuanza na podikasti. Novemba 1988 kituo kidogo cha televisheni cha KTMA mjini Minneapolis, Marekani, kilianza kurusha Mystery Science Theater 3000, kipindi kilichobuniwa na mchekeshaji Joel Hodgson. Ndani yake mtu mmoja na roboti zake wamefungiwa angani na kulazimishwa kutazama filamu mbovu. Vivuli vyao huonekana chini ya skrini huku wakitupa maneno ya kuchekesha. Mwaka 2006 baadhi ya waliopitia kipindi hicho, wakiongozwa na Michael J. Nelson, walianzisha RiffTrax. Wao waliuza sauti ya vichekesho peke yake, na mnunuzi akaicheza sambamba na filamu aliyonayo nyumbani. Kwa njia hiyo hawakuhitaji kununua haki ya filamu yenyewe.

Wakazi wa miji ya Afrika Mashariki nao wanaifahamu sanaa iliyo jirani na hiyo. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, na baadaye katika kanda na diski zilizouzwa mitaani, wasimulizi kama Lufufu walizitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili, wakaongeza mizaha, methali na majina ya mitaa ambayo mwongozaji wa filamu hakuwahi kuisikia. Mjini Kampala wenzao walifanya hivyo kwa Kiganda. Wasimulizi hao walikuwa wamekwishagundua jambo ambalo watayarishaji wa podikasti huanza nalo: filamu inaweza kupendwa kwa sababu ya sauti ya anayeisimulia.

Kwa nini filamu za dini

Filamu za kidini za Marekani zina sifa zinazomvutia mchekeshaji. Ya kwanza ni kwamba ujumbe hutangulia na hadithi hufuata. Mwandishi anajua tangu mwanzo kwamba mhusika lazima aokoke, hivyo matukio hupindishwa hadi yafike huko. Katika Facing the Giants ya mwaka 2006, kocha wa shule anayeshindwa kila mechi, mwenye gari bovu na asiyejaliwa mtoto, anamrudia Mungu. Kabla filamu haijaisha timu imetwaa ubingwa, amepata gari jipya na mkewe ni mjamzito. Muumini huona baraka. Mchekeshaji huona orodha ya mahitaji iliyotimizwa kipengele kwa kipengele.

Sifa ya pili ni uchache wa fedha. Filamu hiyo ilitengenezwa na kanisa la Sherwood Baptist la mji wa Albany, jimbo la Georgia, chini ya ndugu wawili, Alex na Stephen Kendrick, kwa takriban dola 100,000. Wengi wa walioigiza walikuwa waumini waliojitolea. Iliingiza takriban dola milioni 10. Miaka miwili baadaye kanisa hilo hilo lilitoa Fireproof, kwa takriban dola 500,000, na mapato yakazidi dola milioni 30. Mwigizaji mkuu, Kirk Cameron, alikuwa ameazimia kutombusu mwanamke asiye mke wake. Kwa hiyo tukio la busu lilipigwa kwa kivuli, naye mkewe halisi akaletwa kushika nafasi ya mwigizaji mwenzake. Habari za namna hiyo ni johari kwa mtu wa vichekesho, kwa sababu hazihitaji kuongezwa chumvi.

Sifa ya tatu ni nzito zaidi. Baadhi ya filamu hizo ziliacha alama katika maisha ya watazamaji. A Thief in the Night, iliyotengenezwa jimboni Iowa mwaka 1972, inaanza na mwanamke anayeamka na kukuta mumewe ametoweka, mashine yake ya kunyolea ndevu ikiwa bado inanguruma: unyakuo umepita, naye ameachwa. Filamu hiyo ilionyeshwa kwa miaka mingi makanisani na katika kambi za vijana. Watu wengi waliolelewa katika makanisa ya kiinjili ya Marekani wameeleza jinsi walivyotetemeka utotoni kila walipokuta nyumba iko kimya, wakidhani wazazi wamenyakuliwa. Mtu wa aina hiyo akicheka filamu hiyo leo, kicheko chake kina kazi ya kuitua hofu aliyoibeba tangu utotoni.

Kambi mbili za kicheko

Katika uwanja huu kuna kambi mbili, na kila mtayarishaji mpya hana budi kujua anaingia upande upi.

Ya kwanza ni ya wanaocheka kutoka nje. Mfano wake ni God Awful Movies, podikasti iliyoanza mwaka 2015 ikiendeshwa na Noah Lugeons, Heath Enwright na Eli Bosnick, watu wasioamini kuwapo kwa Mungu na wasiolificha jambo hilo. Huipitia filamu moja ya kidini tangu mwanzo hadi mwisho, wakiikatisha kwa maigizo mafupi ya kubuni. Ulimi wao ni mkali na lugha yao si ya kusikilizwa mbele ya wazazi. Msikilizaji huingia akijua.

Ya pili ni ya wanaocheka kutoka ndani. Good Christian Fun, iliyoanzishwa mwaka 2017 na Kevin T. Porter na Caroline Ely, ilijadili filamu, nyimbo na vipindi vya Kikristo kwa jicho la watu waliokulia humo. Wageni wao walikuwa wa kila aina: walioamini, walioacha, na waliokuwa bado njia panda. Kicheko chao kilikuwa na harufu ya nyumbani, kama ndugu wanaokumbushana mavazi ya ajabu waliyovalishwa na mama siku ya sikukuu.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki tofauti hiyo si ngeni, kwa maana ndiyo iliyoko kati ya mtani na mpita njia. Mtani hulisema hata jeneza mbele ya wafiwa na watu wakacheka, kwa sababu mikono yake imeshika jembe la kuchimbia kaburi. Mpita njia akiyatamka maneno yale yale, atafukuzwa msibani. Maneno hayakubadilika, kilichobadilika ni udugu.

Hata ndani ya sanaa ya dini kwenyewe kicheko kina wenyeji wake. VeggieTales, katuni ya hadithi za Biblia iliyoanzishwa mwaka 1993 na Phil Vischer pamoja na Mike Nawrocki, ilitumia nyanya na tango kama wahusika wakuu, kwa sehemu kwa sababu kompyuta za wakati ule zilishindwa kuchora vizuri mikono, nywele na nguo. Ilijaa mizaha, lakini watengenezaji waliweka kanuni kwamba Yesu hataonyeshwa kamwe kama mboga. Walijua mahali pa kusimama, na kwa kujua hivyo waliweza kucheza kwa uhuru katika eneo lote lililobaki.

Kazi yenyewe

Utengenezaji wa kipindi kimoja huanza kwa kuchagua filamu. Filamu mbaya si lazima ichekeshe. Mbaya kuliko zote ni ile inayochosha, kwa kuwa haimpi mchekeshaji pa kushika. Inayofaa ni ile yenye nia ya dhati na matokeo yasiyolingana na nia hiyo.

Baada ya hapo filamu hutazamwa, na mara nyingi zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza hutazamwa kama mtazamaji wa kawaida, ili ijulikane inachotaka kusema. Mara ya pili hutazamwa kwa kalamu: kila tukio linaandikwa pamoja na dakika yake, na kando yake swali au mzaha unaoweza kutoka humo. Hapa ndipo wavivu huachwa nyuma. Mchekeshaji anayemkosea jina mhusika, au anayeicheka kasoro ambayo filamu yenyewe iliieleza dakika kumi kabla, hupoteza imani ya wasikilizaji.

Hatua ya tatu ni kugawana majukumu. Vipindi vingi huwa na watu wawili au watatu, na si busara wote wakawa wachekeshaji kwa wakati mmoja. Mmoja husimulia hadithi kwa mpangilio, mwingine hurukia kwa mizaha, na wa tatu, au mgeni, huwa sauti ya mtu asiyeijua filamu na anayeuliza maswali ya kawaida. Ikumbukwe kwamba msikilizaji haoni picha. Kabla hajacheka ni lazima ajengewe chumba, mvua, gari na uso wa mhusika kwa maneno. Msimulizi hodari hutumia sentensi mbili kwa kazi hiyo; asiyejua huzama katika maelezo hadi mzaha ukafia njiani.

Vifaa si vingi. Kila mshiriki huhitaji kipaza sauti chake, vipokea sauti vya kichwani ili sauti ya mwenzake isirudi kwenye kipaza sauti, na chumba chenye mapazia au magodoro ya kunyonya mwangwi. Washiriki walio katika miji tofauti huzungumza kwa intaneti, lakini kila mmoja hurekodi sauti yake mwenyewe mahali alipo. Mwanzoni hupiga makofi kwa pamoja, na mhariri huyatumia makofi hayo kuzioanisha sauti hizo. Programu ya Audacity, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, hutosha kwa uhariri na hupatikana bure.

Uhariri ndio unaokula muda mwingi kuliko hatua zote. Mazungumzo ya saa mbili hupunguzwa hadi saa moja kwa kuondoa kigugumizi, mizaha iliyogonga mwamba na mahali ambapo wote walizungumza kwa pamoja. Ukubwa wa faili nao hutazamwa. Saa moja ya sauti iliyobanwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde huwa na takriban megabaiti 29. Ikibanwa kwa kilobiti 128 hufika takriban megabaiti 58. Kwa msikilizaji anayenunua bando la siku, hiyo ni tofauti ya kusikiliza au kuacha.

Sheria inasemaje

Filamu ina mwenyewe, na mwenyewe huwa na mawakili. Nchini Marekani sheria ya hakimiliki ya mwaka 1976 inatambua matumizi ya haki: mtu anaweza kutumia sehemu ya kazi ya mwingine kwa ajili ya kuihakiki au kuitolea maoni, na mahakama hupima lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko la kazi ya asili.

Agosti 2017 mahakama ya New York ilitoa uamuzi katika kesi ya Hosseinzadeh dhidi ya wanandoa Ethan na Hila Klein, waliotengeneza video ya kuichambua kwa kejeli video ya mtu mwingine. Walikuwa wametumia zaidi ya dakika 3 za video ya dakika zipatazo 5. Jaji aliwapa ushindi, kwa kuwa vipande hivyo vilikatizwa na uchambuzi mfululizo. Wakati huo huo alitahadharisha kwamba si kila video ya aina hiyo inalindwa. Iliyo sawa na kukaa pamoja na kutazama kazi ya mwingine bila kuichambua inaweza kuamuliwa kwa namna nyingine. Somo kwa mwenye podikasti ni kwamba kipande cha sauti kiwe kifupi, na maneno yake mwenyewe yawe mengi.

Kwa anayetaka kuifanya kazi hii Afrika Mashariki, hakimiliki si lango la pekee. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 129, na ile ya Kenya, kifungu cha 138, zinakataza kutamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu. Aidha, mwaka 2018 Tanzania ilitoa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizowataka watoaji wa maudhui kuwa na leseni, na kanuni hizo zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Kuicheka filamu na kuumiza hisia za dini kwa makusudi ni mambo mawili, lakini mbele ya hakimu tofauti hiyo itatafutwa katika maneno yenyewe yaliyorekodiwa.

Fedha na subira

Matangazo ya podikasti hulipwa kwa kila wasikilizaji 1,000. Chukua mfano wa kipindi chenye wasikilizaji 2,000 na mtangazaji anayelipa dola 20 kwa kila elfu: tangazo moja litaleta dola 40. Zikigawanywa kwa watu watatu, kila mmoja hapati hata dola 14, kabla ya kulipia vifaa na intaneti. Ndiyo maana wengi hutegemea michango ya wasikilizaji kupitia huduma kama Patreon, iliyoanzishwa mwaka 2013. Wasikilizaji 300 wanaochangia dola 3 kwa mwezi huleta dola 900 kabla ya makato.

Utaratibu huo una athari zake. Anayelipwa na mashabiki huvutwa kuwapa wanachokitaka, na mara nyingi wanachokitaka ni ukali zaidi kuliko wiki iliyopita. Hapo ndipo ile methali ya mzaha mzaha hutumbuka usaha inapotimia: kipindi kilichoanza kwa kuicheka filamu huishia kumcheka mama mzee aliyejitolea kuigiza nafasi ya dakika mbili kwa sababu kanisa lake lilimwomba.

Mpaka uko wapi

Historia inatoa kipimo kimoja. Mwaka 1979 kundi la wachekeshaji la Monty Python la Uingereza lilitoa Life of Brian, filamu kuhusu mtu aliyezaliwa katika zizi la jirani na Yesu na kudhaniwa kuwa masihi. Kampuni ya EMI ilijitoa kuigharamia, na mwanamuziki George Harrison akaziba pengo hilo. Wenyewe walieleza kwamba hawakumlenga Yesu, ambaye katika filamu anaonyeshwa kwa heshima, bali wafuasi wanaogeuza kila kitu kuwa ishara.

Novemba mwaka huo, katika mjadala uliorushwa na televisheni ya BBC, John Cleese na Michael Palin walikabiliana na mwandishi Malcolm Muggeridge na Askofu Mervyn Stockwood wa Southwark, ambao waliishambulia vikali filamu hiyo. Baadaye ilielezwa kwamba wakosoaji hao walikuwa wamechelewa kufika kwenye onyesho, wakazikosa dakika za mwanzo, ambazo ndizo zinazoonyesha kuwa Brian na Yesu ni watu wawili tofauti.

Kisa hicho hutajwa mara nyingi kuwacheka wakosoaji, lakini kinamhusu mchekeshaji vilevile. Asiyeitazama kazi ya mwenzake yote hana haki ya kuilaani, na kwa kipimo hicho hicho hana haki ya kuicheka. Anayeitazama yote, akajua ilitengenezwa na nani, kwa fedha kiasi gani na kwa nia gani, kwa kawaida hujikuta akichagua mlengwa wake kwa uangalifu: huwacheka wenye mamilioni kwa uzembe wao, huicheka hoja dhaifu, na humwacha salama aliyejitolea kwa moyo safi.

Kwa wanaofikiria kuianza kazi hii kwa Kiswahili, malighafi ipo tele. Filamu za Nigeria za wachungaji na wachawi zimetazamwa katika sebule za Mombasa, Dar es Salaam na Kigoma kwa zaidi ya miaka 20, na waliozitazama wanazikumbuka vizuri. Kipaza sauti si ghali na lugha ina utajiri wa mizaha. Jambo ambalo halinunuliki dukani ni kufahamika na wale unaowatania, hata wakikusikia wajue kwamba siku ya msiba utakuja na jembe.